Udongo wa mama mkubwa umekuwa matofali: ufinyanzi wa akina mama Kigoma ndiyo basi tena?

Binti Heru (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi wenyewe ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo hili limenikaa rohoni tangu nitoke msibani wiki mbili zilizopita, nimeona bora niliweke hapa maana najua humu kuna watu wa Kasulu, Buhigwe, Kibondo, Uvinza na hata Tabora.

Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, upande wa Heru, kwa sasa nakaa Mwanga, Kigoma mjini. Nilikwenda nyumbani kumzika babu mdogo. Siku ya tatu, watu wamepungua, nikamwendea mama mkubwa, dada yake mama, nikamwambia nataka chungu cha maharage. Yeye ni mfinyanzi tangu hajaolewa. Mimi na wadogo zangu tumelelewa kwa vyungu vyake, na kuna mwaka ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye vyungu tisa alivyouza gulioni siku moja. Akanijibu, "Mwanangu, mwaka wa tatu huu sijafinyanga. Twende bondeni ukaone mwenyewe."

Nikiwa darasa la tatu tulikuwa tunafuatana nao bonde hilo hilo mwezi wa sita, mvua zikishakata. Akina mama saba au wanane, kila mmoja na kapu lake. Mwenye ugomvi moyoni alirudishwa njiani, kwa sababu waliamini vyungu vyake vitapasukia motoni na kuvunja vya wenzake. Shimo lilikuwa chini ya mkuyu. Udongo wa kijivu, ukiukata kwa jembe unang'aa kama sabuni ya mche.

Safari hii mkuyu haupo. Pale ulipokuwa pamesimama tanuri la matofali refu kuliko nyumba, na magogo ya mkuyu wenyewe yamepangwa kando yanasubiri kutiwa moto. Shimo limegeuka dimbwi. Vijana wanne walikuwa wanakanyaga tope, wakatuamkia vizuri tu, "Shikamoo bibi", wakaendelea na kazi yao.

Mama mkubwa hakusema neno. Aliinama ukingoni akaokota donge, akaliviringisha katikati ya viganja mpaka likawa mkia mwembamba, akauzungushia kidole cha shahada. Haukupasuka. Akasema, "Bado ni ule ule." Akalifunga kwenye pindo la kanga, tukapanda mlima.

Kwa asiyeijua kazi hii niieleze kidogo, maana ndipo ilipo hoja yangu. Udongo ukifika nyumbani haufinyangwi siku hiyo. Unalowekwa, unachambuliwa mawe na mizizi. Kisha mama mkubwa anachukua magae ya vyungu vilivyovunjika, anayatwanga kinuni, anayachekecha, na ule unga anauchanganya na udongo mbichi. Bila unga huo chungu kinasinyaa vibaya kikikauka, kinapasuka. Kwa hiyo ndani ya kila chungu chake kuna vyungu vya zamani, vingine alivyofinyanga bibi yangu ambaye sikumkuta. Anakanyaga kwa miguu, anakanda kwa mikono, nusu siku nzima. Halafu donge linakaa juu ya gae kubwa. Mkono wa kushoto unalizungusha gae, ngumi ya kulia inatoboa na kupanua. Anaongeza mikia ya udongo, mmoja juu ya mwingine, anakwangua kwa kipande cha kibuyu, anasugua kwa kokoto laini ya mtoni. Mwishoni anaviringisha kikamba cha nyasi zilizosokotwa shingoni mwa chungu, kinaacha nakshi. Kinakaushwa kivulini wiki mbili, ukiharakisha juani umeharibu. Kinachomwa jioni isiyo na upepo, kwa nyasi, magome na kuni. Katika vyungu kumi anaweza kutoa saba vizima.

Sasa pigeni hesabu. Gulioni kwetu chungu cha maharage ya familia ni shilingi 4,000. Mchuuzi anakinunua hapo, anakileta mjini, kinauzwa 15,000. Mama mkubwa ametoa wiki tatu, kuni na mgongo wake. Binti yake, ambaye kwangu ni dada, anasuka nywele Kasulu mjini, kichwa kimoja 10,000 na jioni yuko nyumbani. Tunawasema mabinti wa siku hizi wavivu, hawataki kuchafuka. Mimi simlaumu hata mmoja.

Wengi wanailaumu sufuria. Sufuria ilikuwapo nikiwa mtoto, nyumbani kwa mama mkubwa huyo huyo, ya wali na chai, na vyungu vilikuwa vinanunuliwa. Kilichomtoa kazini ni shimo lililochukuliwa bila mtu kumuuliza, na bei inayoishia mfukoni mwa mchuuzi. Yote mawili watu wanaweza kukaa wakayaamua. Naombeni mawazo, hasa nyie wenye mama na bibi wafinyanzi.

Mzee wa Stesheni

Binti yangu, pole kwa msiba. Mimi ni Mnyamwezi wa Uyui, mstaafu wa reli, Tabora.

Nakuunga mkono kwa mengi, ila sufuria usiifutie mashtaka upesi hivyo. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na mabehewa hayakuja matupu. Cha kwanza kufa kilikuwa mtungi wa kuchotea maji. Sisi tumekua tukiona debe la mafuta ya taa kichwani mwa mama zetu, ikaja ndoo, likaja dumu. Dumu likianguka halivunjiki na mtoto hachapwi. Mwanamke anayetembea saa nzima kufuata maji mwezi wa tisa, huwezi kumlaumu kwa kuuacha mtungi wenye uzito ule hata kabla haujajazwa.

Uliobaki ni mtungi wa ndani, wa maji ya kunywa. Huo nausifu mpaka leo, ninao mmoja. Udongo uliochomwa vile unapenyeza maji kidogo kidogo, mtungi unatoa jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto. Joto la Oktoba Tabora unalijua. Ukichota kikombe kimoja mtungini unasikia ubaridi mpaka kifuani, na maji yana harufu ile ya mvua ya kwanza.

Jambo la pili ni mafiga. Chungu kina kitako cha mviringo, kinakaa kwenye mafiga matatu kama yai kiotani. Tulipohamia jiko la mkaa, na sasa gesi, chungu kikakosa pa kukaa. Nyumbani kwangu kiliondoka hivyo, bila ya mtu kukichukia. Mwambie mama mkubwa wako ajaribu kitako bapa.

Mchoma Tofali

Dada Binti Heru, mimi nachoma matofali, si kijijini kwenu, niko Buhigwe. Naomba niseme upande wetu kwa heshima.

Hakuna kijana anayeamka asubuhi akasema leo nakwenda kuharibu shimo la bibi. Tunaonyeshwa eneo, tunalipa, tunachimba. Alama haipo. Watu wanataka nyumba za tofali la kuchoma na mimi nina watoto watatu.

Lakini nikwambie jambo ninalolijua kwa mikono yangu: udongo mzuri sana wa vyungu si mzuri kwa tofali. Unanata kupita kiasi, tofali likikauka linapinda na kuchanika, inabidi tuongeze mchanga. Angetokea mtu akasema hapa ni pa akina mama, sogeeni hatua mia kule juu, tungesogea na kazi ingetoka nzuri zaidi. Shida hakuna aliyesema.

Mama Shukuru wa Ujiji

Jamani mimi ni mama lishe, Ujiji, na maharage yangu napikia chungu. Wateja wanajua, wengine wanatoka Kibirizi wanayafuata.

Naloweka usiku. Saa kumi alfajiri nainjika. Chungu kikishapata moto wake napunguza mkaa karibu nusu na bado kinatokota, ukuta wake umeshika joto. Sufuria ukiipunguzia mkaa nayo imepoa. Saa nne natia mawese, kitunguu, chumvi ya Uvinza, naacha. Siku ya mgebuka, samaki wetu wa ziwani, natumia chungu kidogo kingine, sichanganyi, maana chungu kinashika harufu.

Nami naomba niwaambie wanunuzi. Chungu kipya usikitie maharage siku ya kwanza. Kipikie uji mwembamba wa unga wa muhogo, uchemke taratibu, uache upoe humo humo. Ule uji unaziba vitundu vya udongo. Watu hawafanyi hivyo, chungu kinavuja, wanakwenda kumsema mfinyanzi kwamba vyungu vya siku hizi vibovu. Na usikitoe jikoni ukakiweka kwenye sakafu yenye maji, utakipasua.

Shida yangu mimi ni kuvipata. Nilikuwa navyo vinne, kimebaki kimoja, kina ufa mdomoni nimekifunga waya. Binti Heru, mama mkubwa wako akifinyanga vitano nanunua vyote, 10,000 kila kimoja, na nauli ya kuvileta natoa mimi. Nimemaliza.

Kijana wa Gungu

Mnanishangaza. Mkakati wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, nyie mnataka kuwarudisha mama zetu kwenye kuni na moshi. Macho yao yameumia vya kutosha.

Binti Heru

Mdogo wangu, neno lako zito na silibezi. Mama yangu mzazi anakohoa mpaka leo kwa moshi wa jiko lisilo na dirisha. Lakini moshi ule ulitoka kwenye kuni. Wewe mwenyewe litazame jiko banifu la mkaa, lile linalosifiwa kwa kubana mkaa: tumboni mwake lina kigae kilichofinyangwa kwa udongo na kuchomwa. Hiyo ni kazi ya mikono ile ile ya mama mkubwa, na hakuna mtu aliyewahi kumfuata kumwambia finyanga hivi vigae mia tutavinunua. Akiyajua majiko hayo anaweza kula vizuri katika hiyo safari ya kwenda 2034 unayoisema.

Mama Shukuru, nakuja kwako kwa ujumbe. Asante sana.

Mvinza

Naomba niingize historia maana watu wanadhani vyungu ni mambo ya jikoni peke yake.

Hapa Uvinza kuna chemchemi za maji ya chumvi kando ya mto Ruchugi, karibu na unapoingia Malagarasi. Mwaka 1967 wanaakiolojia walichimba hapo wakakuta magae tabaka juu ya tabaka. Vipimo vilionyesha kwamba chumvi ilikuwa inachemshwa pale tangu karne ya 5 au ya 6. Maji ya chumvi ili yatoe chumvi sharti yachemke mpaka yakauke, na chombo chake kilikuwa chungu. Karne ya 19 watu walikuwa wanamiminika hapa kila kiangazi, wanapiga kambi, wanachemsha, na chumvi inakwenda Unyamwezi na hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kila mzigo wa chumvi umepita kwenye vyungu kadhaa na vingi vilipasuka hapo hapo. Ndiyo hayo magae.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani wakaweka kiwanda, na kazi ikaanza kutoka kwenye vyungu. Leo mgeni akija Kigoma tunampeleka Ujiji kuona mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Sawa, apelekwe. Lakini magae ya Uvinza ni ya wafinyanzi waliofanya kazi miaka zaidi ya elfu moja kabla ya hao wawili kushikana mikono, na hakuna anayemwonyesha mgeni hata gae moja.

Wenzetu Botswana walifanyaje? Mwaka 2012 ufinyanzi wa wilaya ya Kgatleng uliingizwa UNESCO kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Huko pia wajuzi walikuwa wamebaki wachache, wazee. Wakakubali kusema hadharani kwamba kitu kinakufa.

Dada Kibondo

Mwakeye. Mimi nataka kuligusa neno mnalolizunguka, dharau.

Majirani zetu Burundi, kufinyanga kulikuwa kazi ya Watwa, na Watwa walidharauliwa. Watu walikuwa tayari kupika kwenye chungu cha Mtwa na wasiwe tayari kukaa naye wakala pamoja. Huku kwetu mpakani damu na desturi zimechanganyika, na ile dharau ya kumwona mtu wa udongo ni mtu wa chini ilivuka pia. Nimeisikia kwa masikio yangu binti akiambiwa na wenzake, "Wewe mama yako si yule wa matope?" Siku hiyo hiyo akaacha kwenda kumsaidia mama yake.

Na siku hizi imeongezeka nyingine. Mwaka jana nilikuwa nasafiri kutoka Kibondo kwenda Kahama na mtungi, zawadi ya wifi yangu. Konda akagoma kuupakia. Akasema abiria wataogopa, mtungi mtupu safarini ni mambo ya waganga. Nikasimama pale stendi nimeukumbatia kama mtoto, watu wananitazama, mpaka mzee mmoja akashuka kwenye gari akasema kwa sauti, "Huo ni mtungi wa maji. Mama yangu alikuwa nao na mama yako alikuwa nao. Mpakie." Nikapanda. Nililia kimya kimya mpaka Nyakanazi.

Mtoto wa Kyela

Poleni ndugu zangu wa magharibi. Kwetu Ziwa Nyasa kuna Wakisi, Ikombe na Matema, chini ya milima ya Livingstone. Wanawake wao wanafinyanga mpaka kesho, vyungu vinapakiwa kwenye mitumbwi, vinakwenda mnadani, vingine vinapanda mpaka Mbeya mjini na kuendelea. Nao wana shida zao, kuni zimekuwa mbali na vijana wanaondoka. Ila wana kitu kimoja ambacho nyie sijakisikia kwenu: jina. Ukisema chungu cha Mkisi, mnunuzi anajua ni kipi, chepesi, chekundu, kina nakshi nyeupe, na anaongeza bei mwenyewe. Chungu cha Heru kikifika Kigoma mjini kinaitwaje? Kinaitwa chungu. Mchuuzi anapenda hivyo, maana kisicho na jina hakina mwenyewe.

Mtendaji Mstaafu

Binti Heru, nimekuwa mtendaji wa kijiji miaka mingi, nikusaidie penye shimo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na imetambua ardhi ya matumizi ya pamoja. Malisho hutengwa, makaburi hutengwa, chemchemi hutengwa. Shimo la udongo wa vyungu nalo linaweza kutengwa, mkutano mkuu wa kijiji ukiridhia na ikaandikwa kwenye muhtasari. Mara nyingi halitengwi kwa sababu wanaume ndio wanaozungumza mkutanoni na hawajawahi kushika udongo ule.

Kumbuka pia historia. Operesheni Kigoma ya 1972 iliwahamisha watu kutoka kwenye makazi yao ya zamani kwenda vijijini. Tulipanga nyumba mistari mizuri, tukafikiria barabara, shule, maji. Hakuna aliyeuliza akina mama wanachimba udongo wapi. Nilikuwa kijana mdogo, nilishika kamba ya kupimia viwanja. Bibi mmoja alikuja akasimama mbele ya kamba akasema, "Na udongo wangu je?" Tulimpita. Nimemkumbuka leo niliposoma uzi wako.

Kuhusu fedha: halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Lakini msikimbilie mkopo kabla hamjapata shimo na mnunuzi. Mkopo unaanza kudaiwa wakati chungu bado kinakauka kivulini.

Binti Heru

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ya bibi na kamba nimemsomea mama mkubwa kwenye simu. Alikaa kimya muda mrefu akasema, "Kila kijiji kilikuwa na bibi wa hivyo." Narudi nyumbani mwisho wa mwezi. Nitawaletea taarifa humu humu.

Binti Heru (wiki saba baadaye)

Wakuu nimerudi. Naandika nikiwa nimechoka ila naona mnastahili kujua.

Kwanza shimo. Mkutano wa kijiji ulikuwa umeitishwa kwa ajili ya zahanati. Nilimwomba mwenyekiti dakika kumi, akatupa nafasi mwishoni, watu wengine wameshasimama. Mama mkubwa hakutaka kusema. Akatoa lile donge la siku ile, alikuwa amelihifadhi kwenye mfuko wa nailoni lisikauke, akalipitisha mkono kwa mkono. Kisha akapitisha na udongo wa hatua chache juu ya bonde. Akasema, "Shikeni vyote viwili." Basi. Wanaume wazima wakawa wanaviringisha udongo, wanazungushia vidoleni kama watoto, wa kwanza unakunjika, wa pili unakatika. Mmoja wa wale vijana wa tanuri ndiye aliyesimama akasema maneno yale yale aliyosema Mchoma Tofali humu, kwamba ule unaonata unawasumbua.

Imeandikwa kwenye muhtasari: kona ya chini ya bonde, hatua 40 kwa 25, ni ya wafinyanzi. Tumepanda minyaa kuzunguka. Tanuri lenyewe halikuondoka, wataondoka wakimaliza kuchoma, na dimbwi tumeachiwa tulifukie wenyewe. Mkuyu haurudi.

Pili kazi. Walifinyanga watatu: mama mkubwa, jirani yake wa zamani ambaye naye alikuwa ameacha, na binti wa jirani huyo wa miaka 19. Dada yangu msusi alikuja Jumapili mbili. Vyungu 12: vinane vya kitako cha mviringo na vinne vya kitako bapa, ushauri wa Mzee wa Stesheni. Viliwekwa motoni jioni saa kumi na moja, upepo umelala. Robo saa haijaisha tukasikia mlio, kisha mwingine, kisha wa tatu. Mama mkubwa alikuwa amekaa juu ya kigoda, kila mlio anafumba macho, wala haulizi ni kipi, alikuwa anavijua kwa mahali alipovipanga.

Asubuhi tukavitoa kwenye majivu. Vya mviringo vimepona saba. Vya bapa kimepona kimoja. Akaliokota gae la kitako bapa, akaligeuza, akamwita yule binti. Pale kitako kinapokutana na ukuta, penye kona, udongo ulikuwa mnene mara mbili ya sehemu nyingine. Ukuta ulikuwa umekauka vizuri, kona haikukauka. Maji yaliyobaki ndani yakageuka mvuke, yakatafuta njia. Akamwambia binti, "Kona ndiyo adui. Kitako kiwe bapa katikati, pembeni kiinuke kama kiganja, hivi." Akamkunjulia kiganja chake, vidole vimepinda kidogo juu. Yule binti akakishika kile kiganja kwa mikono miwili, akakipapasa kama anapima. Magae yote tumeyatia kwenye gunia, yatatwangwa.

Vile vizima alivigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole. Saba vikalia kama kengele. Kimoja kikatoa sauti nzito, akakiweka kando, akasema hicho ni cha kuwekea mbegu, kisiuzwe.

Tatu bei, na hapa tuligombana. Nilimwambia mama mkubwa kwamba Mama Shukuru atatoa 10,000. Akakataa, akasema ni wizi, atachukua 6,000. Nikamwandikia chini: siku za kuchimba, kukanda, kufinyanga, kuni, vinne vilivyopasuka. Alitazama karatasi muda mrefu. Akasema, "Hivyo vilivyopasuka navyo vinahesabiwa?" Nikamwambia ndiyo, mama, hivyo ndivyo vya kwanza kuhesabiwa. Akakubali 10,000. Na kila chungu kina alama chini, amechora kwa mwiba kabla ya kuchoma: mstari mmoja wa wimbi. Mtoto wa Kyela, ndilo jina letu kwa sasa.

Vyungu vitano viliondoka jana na gari la asubuhi, nimevifunga kwa majani makavu ya mgomba ndani ya matenga mawili. Konda aliuliza ni nini. Nikamjibu ni vyungu vya maharage. Akasema sawa, akaviweka mbele kwenye kiti.

Mama Shukuru wa Ujiji

Vimefika. Kimoja kimemeguka kidogo mdomoni, hakidhuru, nimekilipia. Leo nimevipikia uji vyote vitano, vimekaa uani vinapoa. Jirani yangu wa chapati ameshauliza viwili, nimemwambia asubiri mzigo unaokuja. Dada, mwambie mama mkubwa kile kidogo cha mgebuka nacho nakihitaji, mdomo wake uwe mpana, mkono uingie.